Mwavuli Wenye Mguu wa Kiti

Jumamosi iliyopita mliniacha sebuleni kwa Bibi, mwenye nyumba wangu, gazeti mkononi, nikimsomea maneno ambayo hayakuwamo gazetini. Wengi mmenitumia salamu za pole. Asanteni, lakini mlizituma mapema mno.

Kwa yule ambaye ukurasa wake ulifungiwa sabuni dukani kabla hajausoma, nasema kwa ufupi. Mimi ni mkata karatasi kwenye mtambo wa kuchapia gazeti hili. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku mashine ikinguruma. Sikufundishwa na mtu, na wa kunifundisha sijamwona bado. Lakabu yangu ni Moto wa Pumba.

Mhariri alinipa kazi ya kuandika, wiki kwa wiki, yale mauaji ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyajua: mauaji ya Mtangazaji. Alikuwa mtangazaji wa mpira, sauti iliyoingia kila nyumba yenye redio. Alasiri moja ya mvua kubwa alikutwa chini ya ngazi za jengo alimoishi, kichwa kimepasuka. Jirani hakusikia, polisi hawakuona, mahakama haikumpata wa kumhukumu. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la nne.

"Tia wanawake," Mhariri aliniambia. "Maiti bila mwanamke haiuzi."

Nikatia wanawake. Nikatia watatu. Gazeti likauzika kama maji ya jangwani. Nami kifua mbele nikahamia chumba kizuri zaidi, kwa Bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Siku ya tatu nikaona picha ukutani, mwanamume ameshika kipaza sauti, anacheka. Nikauliza ni nani.

"Mwanangu," Bibi akasema. "Yule wa mpira."

Kisha akaniomba nimsomee kile kisa cha gazetini kuhusu mwanawe, kwa kuwa yeye haoni herufi. Ningefanyaje? Ningemsomea mama mtu kwamba mwanawe alikuwa na nyumba tatu za siri? Nikafungua gazeti, nikaliangalia, nikamsomea hadithi nyingine kabisa. Ndani yake Mtangazaji alikuwa mtu safi, na muuaji alikuwa karibu kukamatwa. Bibi alifurahi. Na mimi, kwa sababu siwezi kujizuia, kila mwisho wa kisomo nilikuwa namtupia ubeti mmoja wa papo hapo, kana kwamba umechapwa.

Wiki nyingi zikapita hivyo, hadithi mbili kichwani kimoja. Mpaka siku Bibi alipouliza, "Mume wangu, una wazee?"

Mume wangu ndivyo anavyoniita, kwa utani.

"Nina mjomba. Ndiye aliyenilea."

"Mwambie aje Jumamosi. Nataka kumwona mtu aliyekulea."

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa sikilizeni jinsi akili yangu ilivyofanya kazi.

Bibi ana mjukuu wa kike. Ni muuguzi wa hospitali ya mji mwingine, binti wa huyo huyo Mtangazaji, rika langu, mdomo kama wembe. Alikuwa amerudi likizo. Mara mbili alikuwa ameniambia, "Kaka msomaji, pita," bila kunitukana. Mimi nikayajumlisha yote: Muuguzi amerudi, Bibi anataka wazee wangu. Jibu langu likawa posa.

Nikapiga pasi shati mpaka kola ikang'aa. Jumamosi mchana nikaona mawingu, nikampigia Mjomba simu.

"Umeshatoka?"

"Navaa viatu."

"Umevaa suti?"

"Nimevaa. Imenikubali, ila kifungo cha tumboni kimegoma."

"Mawingu yamejaa, Mjomba. Chukua mwavuli."

"Mwavuli gani?"

"Si ule wa nyuma ya mlango."

Nikadhani mtandao umekatika.

"Ule siutumii," akasema.

"Kwa nini?"

"Una chuma kimepinda."

"Basi kipinde upande wa pili! Mjomba, hapa ni posa, si karakana ya redio. Ukifika umelowa kama tambara la deki watasema nimeokota mzee njiani. Chukua mwavuli, usiniaibishe."

Akaguna. Mjomba ni fundi redio, mtu wa maneno machache. "Haya, baba," akasema. "Nitachukua."

Kumbukeni kwamba niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, tena kwa ukali.

*

Muuguzi ndiye aliyenifungulia. Amevaa gauni la nyumbani, si la posa. Nikajiambia, ni haya za msichana.

"Karibu, kaka msomaji. Umenukia leo."

"Kidogo tu."

"Kidogo? Mbu wote wamehama."

Nikacheka, nikaingia, nikakaa kwenye kiti changu cha siku zote. Ni kiti cha mbao cha zamani, kina miguu mizito iliyochongwa kwa pete pete, nacho huyumba ukiegemea kushoto. Nimekizoea. Kila Jumamosi nasoma nikiwa nimeegemea kulia.

Bibi alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda. Mezani mbele yake palikuwa na magazeti. Si moja. Rundo zima, matoleo yote tangu kisa kilipoanza.



"Leo hunisomei, mume wangu," Bibi akasema. "Leo anasoma mke mwenzangu."

Muuguzi akachukua gazeti la juu, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya maabara:

"'Marehemu alikuwa na funguo za nyumba tatu, na katika kila nyumba palikuwa na ndala zake mlangoni.' Unaukumbuka ukurasa huu, kaka msomaji?"

"Kwa mbali."

"Bibi anasema wiki hiyo ulimsomea kwamba marehemu alikuwa akiwanunulia watoto wa jirani mipira."

"Labda niliruka mstari."

"Uliruka mstari ukaangukia kwenye mipira?"

Bibi akacheka, heh heh heh, mabega yakitikisika. Hilo likanipa matumaini kidogo.

"Alinionea huruma," Bibi akasema. "Mwache. Mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Simlaumu yeye," Muuguzi akasema. "Namtaka huyu aliyeandika. Huyu Moto wa Pumba. Siku nikimtia mikononi nitamchoma sindano butu, na sitamwambia apumue."

"Mtu wa ovyo sana," nikasema. "Hata mizani yake mibovu."

Wasomaji wangu, nimetukanwa na wahariri, nimetukanwa na washairi wenzangu ukurasa mzima, sijawahi kukubali hata nukta. Siku ile nilijitukana mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa ajili ya msichana. Hata vina vyangu niliviuza.

"Sasa mjukuu wangu," Bibi akasema, na sauti yake ikawa imebadilika, "mtafutie ule ubeti."

"Nimeshautafuta, Bibi. Nimepekua matoleo yote. Haupo."

"Ubeti gani?" nikauliza.

Bibi akafumba macho, akaweka kiganja gotini akipiga mapigo, akaghani bila kukosea hata silabi:

"Ni nani kashuka ngazi, mvua ikipiga bati?
Kafunika uso wazi, mwavuli mkono kiti,
Hakuacha hata uzi, wala kifungo cha shati,
Mama yafute machozi, siku yake haipiti."

Ulikuwa wangu. Niliutoa Jumamosi moja nikiwa na haraka ya kwenda kazini. Na niseme ukweli, hata katika hofu ile nilisikia raha. Kusikia ubeti wako kwa mdomo wa mtu mwingine ni raha ambayo hakuna mshahara unaoifikia.

"Ungeniambia kwa maneno ya kawaida ningesahau," Bibi akasema. "Nasahau dawa, nasahau jiko. Lakini ulinipa kwa vina, mume wangu. Kitu cha vina kikiingia kwangu hakitoki. Nimekuwa nikiughani nikifua. Nikamghania huyu alipofika. Akasema, Bibi, hebu nione gazeti lenyewe."

"Na gazetini hakuna mwavuli," Muuguzi akasema. "Hakuna hata neno mwavuli. Si katika kisa hiki wala magazeti ya wakati ule. Nimekwenda maktaba."

"Labda ni gazeti jingine," nikasema.

"Lipi?"

"Yapo mengi siku hizi."

"Lipi?"

Nje radi ilinguruma mbali, na mabati ya nyumba ya jirani yakaanza kupokea matone.

Bibi akainama mbele. Macho yake meupe yalinitazama kifuani, pale anapodhani uso wangu upo.

"Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu tangu nilipomwambia mpelelezi. Siku ile mwanangu alitoka hapa na mwavuli. Alikuja kula, mvua ikamzuia, nikampa mwavuli wa nyumba hii. Alipokutwa chini ya ngazi, mwavuli haukuwepo. Mpelelezi akaniambia: mama, hilo lifungie moyoni. Aliyemuua aliondoka nao ili afiche uso. Siku mtu yeyote akiutaja mwavuli huo, huyo anamjua. Mpelelezi ameshakufa. Nimebaki mimi. Nimengoja mpaka macho yameisha."

Akanyoosha kidole.

"Na wewe umekuja kuutaja sebuleni kwangu. Nani alikuambia habari ya mwavuli?"

*

Hesabuni pamoja nami milango iliyokuwepo.

Nikisema niliambiwa na mtu, wataniuliza ni nani. Nikisema niliusoma mahali, wataniuliza wapi. Umebaki mlango mmoja tu, nao unafungukia kwenye sindano butu.

"Niliubuni," nikasema. "Ubeti ni wangu. Mimi ni mshairi."

"Tangu lini?" Muuguzi akauliza.

"Tangu zamani. Mimi ndiye... mimi ndiye Moto wa Pumba."

Niliwahi kuota siku nitakayolitamka jina hilo mbele ya msichana huyu. Katika ndoto palikuwa na makofi.

Muuguzi hakupiga kelele. Alilikunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono.

"Simama nikuone vizuri," akasema.

Nikasimama.

"Nyumba tatu. Ulizitoa wapi?"

"Mhariri alitaka..."

"Sikukuuliza Mhariri. Nimekuuliza wewe. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nikakaa kwenye ngazi zile nikisubiri wamwondoe baba yangu. Ulizitoa wapi nyumba tatu?"

"Nilizibuni."

"Na ndala?"

"Nilizibuni."

"Na ukaja kula kwa mama yake kila Jumamosi."

Nilishindwa. Mimi, ambaye sijawahi kushindwa malumbano.

"Mwache kwanza," Bibi akasema. "Sindano yake ipo, haiendi popote. Mume wangu, unasema mwavuli uliubuni. Sawa. Mvua ilikuwa inanyesha, mtu yeyote angebuni mwavuli. Lakini mkono wake? Ulisema mkono wake ni wa kiti."

"Nilihitaji kina cha ti, Bibi. Shati, bati, kiti. Ndivyo tunavyofanya."

"Kina tu?"

"Kina tu. Wallahi."

"Kipindue hicho kiti."

"Kiti gani?"

"Ulichokuwa umekalia."

Nikakipindua, miguu juu. Nikaona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nakikalia wiki baada ya wiki. Miguu mitatu ilikuwa ya mti mwekundu, minene, imechongwa pete tatu, kisha tumbo, kisha pete tatu. Mguu wa nne ulikuwa kijiti cha mbao nyeupe, kimepigiliwa misumari. Ndiyo maana kiliyumba.

"Marehemu mume wangu alikuwa seremala," Bibi akasema. "Siku moja mkono wa mwavuli ulivunjika, naye hakuwa na mbao nzuri. Akang'oa mguu wa kiti akaufanya mkono. Tulimcheka sana. Mwanangu alikuwa akiutembeza mjini watu wanamuuliza, bwana, umekuja na fenicha yako? Mwavuli kama huo ni mmoja tu duniani. Haubuniwi."

Niliitazama ile miguu mitatu. Pete tatu, tumbo, pete tatu.

Na hapo, ndugu zangu, nikaiona nyumba ya Mjomba.

Nilipelekwa kwa Mjomba mama yangu alipofariki, mwaka ule ule wa darasa la nne. Chumba kimoja, meza iliyojaa redio zilizofunuliwa matumbo. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari, na kwenye msumari mwavuli mweusi wenye mkono mnene ajabu. Usiku wa kwanza, nikilia, niliutazama mkono ule nikihesabu pete zake mpaka usingizi ukanichukua. Tatu. Tumbo. Tatu. Labda ndipo nilipoanza kuhesabu mizani.

Sikuwahi kuubuni mwavuli ule. Nilihitaji kina, mkono wangu ukaingia ghalani mwa kichwa, ukatoa kilichokuwa karibu.

Na jambo jingine likaja nyuma yake, likanikamata shingo. Mjomba ni fundi redio. Redio zilizungumza nyumbani kwetu kuanzia alfajiri: taarifa ya habari, muziki, vifo. Lakini mpira haukusikika hata mara moja. Ukianza mpira, Mjomba alikuwa ananyoosha mkono na kuzima. Nilidhani hapendi kelele.

*

Mvua ikashuka kwa kishindo.

"Bibi," nikasema, "acha nikampokee Mjomba barabarani. Hajui nyumba."

"Si umemwelekeza mwenyewe?" Muuguzi akasema. Alikuwa ameshahama. Alikuwa mlangoni, mgongo umeegemea mbao.

"Atalowa."

"Ana mwavuli?"

Aliuliza vile watu wanavyouliza, bila nia yoyote.

"Hana," nikasema. "Hana mwavuli. Hajawahi kuwa na mwavuli. Ngoja nimpigie arudi, mvua hii si ya mtu mzima, ana kifua."

Nikanyoosha mkono kuelekea mezani, simu yangu ilipokuwa. Muuguzi akaniwahi. Akaichukua, akaiweka juu ya magazeti, karibu na Bibi.

"Simu ipumzike."

"Dada..."

"Usiniite dada. Mbona unatetemeka? Ulipoambiwa wewe ni mwongo hukutetemeka. Ametajwa mjomba tu, umeanza."

"Nani anatetemeka?" Bibi akauliza.

"Huyu hapa, Bibi. Kama mgonjwa wa homa."

Bibi akasema polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani na kugusa ukuta:

"Mume wangu. Ulilelewa na nani?"

Mngekuwa mimi mngesema nini? Mtu huyu alinibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua surua. Alinikalisha juu ya meza yake ya kazi akanipa bisibisi niichezee ili nisilie. Mke hakuoa, na majirani walisema ni kwa sababu yangu. Nilipochapwa gazetini mara ya kwanza, aliukata ukurasa ule akaubandika juu ya ile meza, na kila mteja aliyeleta redio alilazimishwa kuusoma kabla ya kuambiwa redio yake ina nini.

Na mtu huyu mwingine, mwanamke mwenye macho meupe, ameniita mume wake na kunipa nafasi ya mwanawe.

Nikafanya kile ambacho sijawahi kufanya. Nikaomba.

"Bibi, nisamehe leo. Nipe siku moja. Nitakuletea jibu, hata kama ni kwa magoti."

"Nimetoa siku nyingi sana," Bibi akasema. "Sina nyingine ya kutoa."

Hodi ikapigwa.

Nilisali iwe ni mwuza mkaa. Iwe ni mtu wa maji. Iwe ni Mhariri mwenyewe.

"Hodi hapa," ikasema sauti niliyoijua kuliko yangu.

"Karibu," Bibi akajibu. "Karibu ndani, mgeni wetu."

Muuguzi akafungua mlango, akasogea pembeni.

Mjomba akaingia. Suti ilikuwa imelowa chapachapa, maji yakitiririka puani na kidevuni, kifungo cha tumbo kimeachia. Mwavuli alikuwa nao. Ameubana kwapani kwa mkono wa kulia. Haujafunguliwa. Alikuwa ametembea katika gharika ile yote, mwavuli kwapani, bila kuufungua.

Na mimi, mwenye ulimi usio na kufuli, nikasema kabla sijafikiri:

"Mjomba! Kwa nini hukuufungua?"

"Nilikuambia ule siutumii," akasema. "Ulisema niuchukue. Nimeuchukua."

"Ni nini hicho ambacho hakukifungua?" Bibi akauliza.

Muuguzi alikuwa ameshauona. Macho yake yalitoka kwenye kwapa la Mjomba, yakaenda kwenye kiti kilichopinduliwa, yakarudi kwapani. Mkono wake ukapanda mdomoni.

"Mpokeeni mgeni mzigo wake," Bibi akasema. Alinyoosha mkono hewani, kiganja juu. "Niletee, mume wangu."

Nikaenda. Hatua zile zilikuwa fupi, na katika kila moja nilitafuta dirisha. Lina nondo. Nilitafuta uongo. Umeisha. Nikaushika mwavuli kwenye kitambaa, lakini Mjomba hakuuachia. Alikuwa hanitazami. Alikuwa ameinua macho juu ya kichwa cha Bibi, ukutani, ambako Mtangazaji alikuwa ameshika kipaza sauti akicheka.

Tukasimama hivyo, yeye ameshika huku, mimi nimeshika huku, maji yakidondoka kati yetu. Ningeweza kuuvuta nikakimbia nao. Ningeweza kuusukuma arudi nao. Mikono yangu ilikataa yote mawili.

"Hii ni nyumba yake?" Mjomba akaninong'oneza.

"Ya mama yake."

Vidole vyake vikalegea, kimoja kimoja.

"Basi mpe," akasema. "Ni wake."

Nikauweka kiganjani mwa Bibi. Hakuupapasa kwa haraka. Kidole gumba chake kilishuka juu ya mbao kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake mwenyewe. Pete tatu. Tumbo. Pete tatu. Kisha akainama, akautafuta mguu wa kiti kwa mkono wa pili, akaulinganisha, akaegemeza shavu juu ya vyote viwili.

Nilingoja alie. Hakulia. Alipozungumza, alizungumza na Mjomba kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mgeni habari za safari.

"Baba, ulipouchukua mwavuli huu, mwanangu alikuwa anapumua?"

Mjomba akavua kofia yake iliyolowa. Alinitazama mara moja, mimi, mtoto wake, kisha akarudisha macho kwa Bibi.

"Alikuwa anapumua," akasema. "Alinishika suruali. Aliniomba nisiondoke."

Nyuma yangu nikasikia ufunguo ukigeuka kwenye kitasa. Muuguzi aliuchomoa, akautia ndani ya gauni, kifuani, akavuta kiti kingine, akakaa mbele ya mlango.